Yesu alilala chomboni: je, Mungu hulala?

SWALI

Bwana Yesu asifiwe.

Ninafundisha kipaimara katika mtaa mmoja wa kijijini mkoani Njombe. Tumefika sehemu ya pili ya Imani ya Mitume, pale tunapomkiri Yesu Kristo, Mwana wa pekee wa Mungu, na hapo ndipo tulipokwama. Binti mmoja alisoma Zaburi 121:4, kwamba aliye mlinzi wa Israeli hatasinzia wala hatalala usingizi, kisha akafungua Marko 4:38, Yesu amelala chomboni. Akauliza: kama Yesu ni Mungu, mbona alilala? Swali hilo aliulizwa shuleni na rafiki zake Waislamu, akakosa la kuwajibu. Mwenzake akadakia na Marko 13:32: Mungu gani asiyeijua siku ya mwisho? Wa tatu akataka kujua, kama Mungu alikufa msalabani, siku zile tatu dunia ilikuwa mikononi mwa nani?

Huku kwetu walimu tumezoea mfano wa chai ya maziwa: Umungu na ubinadamu vimeungana kama maziwa na chai. Mara tu ulipotajwa, kijana mmoja akasema, "Mwalimu, chai ya maziwa si maziwa tena, wala si chai ya rangi." Hakuna aliyemjibu.

Mchungaji wetu ana mitaa mingi, kwetu hufika mara moja kwa mwezi. Nimebakiwa na vipindi viwili, saa moja moja, kabla ya mtihani. Niwafundishe nini, na nijihadhari na maneno gani?

Mwalimu wa kipaimara, Njombe

JIBU

Amina, mwalimu. Tuanze na kijana wako wa chai. Amesema kweli, na ni vizuri umwambie hivyo mbele ya wenzake. Maziwa na chai vikichanganywa hutoa kitu cha tatu, ambacho si hiki wala kile. Ukiupeleka mfano huo kwa Kristo unapata mtu ambaye si Mungu kamili wala si mwanadamu kamili, na mtu wa namna hiyo hawezi kumwakilisha Mungu kwetu wala kutuwakilisha sisi kwa Mungu.

Fundisho hilo lina historia. Eutike, mkuu wa watawa mjini Konstantinopoli, alikubali kwamba Bwana ametoka katika asili mbili, lakini akashikilia kwamba baada ya muungano imebaki asili moja tu. Sinodi iliyoongozwa na askofu wake, Flaviano, ilimhukumu mwaka 448. Mwaka uliofuata, mkutano uliofanyika Efeso ukamrudisha Eutike na kumwondoa Flaviano, tena kwa vurugu. Ndipo maaskofu wakakutana tena Kalkedonia, ng'ambo ya mlangobahari kutoka Konstantinopoli, mwezi Oktoba 451, wakaandika ungamo ambalo Wakatoliki, Waorthodoksi wa Kigiriki na Kirusi, Walutheri, Waanglikana na makanisa mengi ya Matengenezo wanalishika hadi leo. Kiini chake ni hiki: Kristo ni mmoja na yule yule, Mungu kweli na mwanadamu kweli, mwenye asili mbili, bila kuchanganyika, bila kubadilika, bila kugawanyika, bila kutengana.

Hizo "bila" nne wafundishe kwa jozi. Mbili za kwanza zinamzuia Eutike: Umungu haukuyeyukia katika ubinadamu, wala ubinadamu haukumezwa na Umungu. Mbili za mwisho zinazuia kosa la upande wa pili, nalo ndilo linalotutia wasiwasi zaidi kwa darasa lako, kwa sababu mwalimu anayekimbia chai ya maziwa huangukia humo bila kujua.

Kosa hilo linasikika hivi: "Yesu kama mtu alilala, lakini Yesu kama Mungu alikuwa macho." Jibu hili husemwa mara nyingi hata mimbarani, na kwa haraka linaridhisha. Lakini sikiliza mwanafunzi anavyolipokea. Anawaona wawili chomboni: mmoja amelala, mwingine anakesha. Ukifika msalabani atasema mmoja alikufa na mwingine akatazama. Hapo tayari una Kristo wawili waliokaa pamoja, yaani fundisho lililohukumiwa Efeso mwaka 431 chini ya jina la Nestori, askofu mkuu wa Konstantinopoli. Nestori hakutaka Mariamu aitwe Mama wa Mungu. Aliona anafaa kuitwa Mama wa Kristo. Sirili, askofu mkuu wa Aleksandria, akamjibu kwamba aliyezaliwa na Mariamu si mtu fulani ambaye Neno, yaani Mwana wa Mungu, alikuja kukaa naye. Ni Neno mwenyewe, aliyezaliwa kwa jinsi ya mwili. Kwa hiyo wanafunzi wako wakisikia majirani Wakatoliki wakisema Mama wa Mungu, wasishtuke. Kanuni ya Makubaliano ya Walutheri ya mwaka 1577, katika sehemu yake ya nane, inakiri kwamba Mariamu ni Mama wa Mungu kweli. Jina hilo linasema juu ya Mwana aliyezaliwa kuliko linavyosema juu ya mama.

Sasa kanuni yenyewe, ambayo ukiishika, maswali yote matatu yatafunguka. Kila unaposoma tendo la Yesu katika Injili, uliza maswali mawili, tena kwa mpangilio huu. Kwanza: ni nani aliyetenda? Jibu ni lile lile siku zote: Mwana wa Mungu, Nafsi ya pili ya Utatu. Pili: alitenda kwa asili ipi? Hapo jibu linaweza kuwa Umungu, au ubinadamu, au zote mbili kwa pamoja. Nafsi ndiyo inayotenda. Asili ni kile alicho nacho huyo mtendaji. Asili hailali wala haifi peke yake, kama vile mkono wako hauandiki barua, unaandika wewe kwa mkono.

Mpangilio una maana. Ukianza na swali la asili, utaishia na watendaji wawili. Ukianza na swali la nani, utabaki na mmoja hata ukikuta mambo yaliyo mbali namna gani.

Turudi chomboni. Marko 4:35-41 isomwe polepole, na wanafunzi wawe na Biblia mikononi. Marko anasema Yesu alikuwa katika shetri, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, amelala juu ya mto. Dhoruba imekuwa kubwa hata chombo kinaanza kujaa maji, na bado amelala. Huo ni usingizi wa mtu aliyechoka kweli baada ya kufundisha mchana kutwa. Ubinadamu wake haukuwa vazi la kuigiza. Mstari wa 39 anaamka, anaukemea upepo na kuiambia bahari inyamaze. Katika Agano la Kale, anayeituliza bahari na mawimbi yake ni Bwana mwenyewe. Wasome Zaburi 89:9 na Zaburi 107:29 wajionee. Kati ya mstari wa 38 na wa 39 mtendaji hakubadilika. Aliyekuwa amelala ndiye aliyekemea. Ndiyo maana mstari wa 41 wanafunzi wanaulizana, "Ni nani huyu, basi?" Nao wameanza na nani.

Kwa hiyo jibu la binti yako ni hili, nalo alikariri: Mwana wa Mungu alilala, kwa ubinadamu alioutwaa, kwa Umungu wake hasinzii wala halali. Zaburi 121 inasema juu ya Mungu jinsi alivyo kwa asili yake. Marko 4 inasema juu ya Mungu yule yule baada ya kutwaa asili yetu. Mwana hakuacha kuwa alivyokuwa; alitwaa asichokuwa nacho.

Kuhusu rafiki zake Waislamu, mwambie asiingie kwenye mashindano ya aya. Aanze na lile wanalokubaliana: Ayatul Kursiy, aya mashuhuri ya Kurani, inakiri kwamba Mwenyezi Mungu hashikwi na usingizi, na Mkristo anasema amina kwa hilo bila kusita. Tofauti iko mahali pengine: sisi tunakiri kwamba Neno, aliyekuwako kwa Mungu naye alikuwa Mungu, alifanyika mwili (Yohana 1:1 na 14). Wao hawakiri hivyo. Akieleza tofauti ilipo kwa upole, amefanya kazi yake. Tena mmwonye asijaribu kuthibitisha Umungu wa Yesu kwa kuhesabu miujiza. Rafiki yake atamjibu kwamba Musa aligawanya bahari na Elisha alimfufua mtoto, na atakuwa amesema kweli. Afadhali atumie Marko 2:5-7, ambako Yesu anasamehe dhambi na waandishi wanatambua kwamba hilo ni la Mungu peke yake. Yohana 8:58, "Yeye Ibrahimu asijakuwako, mimi niko". Na Yohana 20:28, ambako Tomaso anamwita Bwana wangu na Mungu wangu, naye hakumkemea.

Swali la siku ya mwisho ni gumu zaidi, na usilipitie juu juu. Marko 13:32 inasema hakuna aijuaye siku ile wala saa ile, hata malaika, wala Mwana, ila Baba. Wafuasi wa Ario waliishika sana aya hii katika karne ya 4. Ario, kasisi wa Aleksandria, alifundisha kwamba Mwana ni kiumbe, wa kwanza na bora kuliko vyote, lakini kiumbe tu. Mtaguso wa Nikea, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ulimkataa mwaka 325 na kukiri kwamba Mwana ana Umungu mmoja na Baba. Kama Mwana hajui, walisema Waario, basi si Mungu. Atanasi, askofu wa Aleksandria, akawajibu kwa kanuni ile ile: yeye aliyeumba nyakati hakosi kuzijua kwa Umungu wake, anasema hajui kwa jinsi ya mwanadamu, maana ni hali ya wanadamu kutojua, naye alitwaa hali yetu pamoja na mipaka yake.

Walimu wengine wa Kanisa walifuata njia tofauti kidogo. Augustino alisema "hajui" hapo ni kwamba hakupewa kuitangaza. Jibu hilo lina heshima yake, ila kwa darasa la vijana lina hatari: watalisikia kama Yesu alidanganya kwa upole. Tunakushauri ushike njia ya Atanasi na uiegemeze kwenye Luka 2:52: "Naye Yesu akazidi kuendelea katika hekima na kimo." Kimo kinakua kwa mwili, hekima inakua kwa akili. Mtoto wa Nazareti alijifunza kusoma kama watoto wengine, na useremala pia.

Hapa ndipo inabidi umtaje Apolinari, askofu wa Laodikea, kwa sababu nusu ya darasa lako huenda wanaamini kama yeye. Apolinari aliupenda sana Umungu wa Kristo na alikuwa adui wa Ario. Lakini alifundisha kwamba Kristo alikuwa na mwili wa kibinadamu bila akili ya kibinadamu; nafasi ya akili ilishikwa na Neno. Muulize mwanafunzi yeyote, "Yesu alikuwa na roho ya mwanadamu na akili ya mwanadamu?" Wengi watasema hapana, alikuwa na mwili wetu tu, ndani alikuwa Mungu. Mtaguso wa Konstantinopoli, mwaka 381, ulilikataa hilo. Gregori wa Nazianzo alitoa sababu kwa sentensi ambayo ingefaa kuandikwa ukutani kwenu: kisichotwaliwa hakikuponywa. Dhambi ilianzia katika nia na akili ya mwanadamu, haikuanzia kwenye mifupa. Kama Kristo hakutwaa akili na nia yetu, sehemu iliyougua zaidi imeachwa bila tabibu.

Ukishalieleza hilo, Gethsemane inakuwa wazi. "Si mapenzi yangu, bali yako yatendeke" (Luka 22:42). Mapenzi yapi hayo aliyoyaweka chini ya mapenzi ya Baba? Si ya Umungu, maana Umungu wa Baba na wa Mwana ni mmoja na mapenzi yao ni mamoja. Ni mapenzi ya kibinadamu, yanayokiogopa kifo kama kila mtu mwenye afya anavyokiogopa, na yakatii. Suala hili lilipiganiwa kwa gharama kubwa. Masimo Muungamadini, mtawa aliyetetea kwamba Kristo ana mapenzi mawili, ya Kimungu na ya kibinadamu, alikatwa ulimi na mkono wa kuume, akafa uhamishoni mwaka 662. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 680 hadi 681 ukaja kukiri lile alilolitetea. Utii wa Gethsemane ni utii wa mwanadamu kweli. Bila huo, Warumi 5:19, kwamba kwa kutii kwake mmoja watu wengi wamefanywa wenye haki, haina pa kusimama.

Sasa msalaba. Je, Mungu alikufa? Weka aya mbili ubaoni kwa pamoja. 1 Timotheo 6:16 inasema Mungu peke yake hapatikani na mauti. Matendo 20:28 inasema Mungu alilinunua kanisa lake kwa damu yake mwenyewe. Ya kwanza peke yake inamfanya mwanafunzi aseme aliyekufa ni mtu tu. Ya pili peke yake inamfanya aseme Umungu ulikufa. Zote mbili ni Neno la Mungu, na kanuni yetu inazibeba zote. Ni nani aliyekufa? Mwana wa Mungu; Paulo anasema waliomsulubisha walimsulubisha Bwana wa utukufu (1 Wakorintho 2:8). Alikufa kwa asili ipi? Kwa ubinadamu, kwa sababu Umungu haufi. Papa Leo I aliliweka sawasawa katika waraka wake kwa Flaviano wa mwaka 449, uliosomwa Kalkedonia: ilitupasa tuwe na mpatanishi mmoja anayeweza kufa kwa asili moja na asiyeweza kufa kwa asili ya pili. Asiyeweza kufa kabisa asingeweza kulipa deni letu. Anayeweza kufa tu angebaki kaburini.

Waeleze pia kufa ni nini, maana hapo ndipo swali la siku tatu linapotoka. Mwanafunzi anadhani kufa ni kukoma kuwako. Kwa mwanadamu, kufa ni roho kuachana na mwili. Roho ya Yesu iliachana na mwili wake. "Baba, mikononi mwako naiweka roho yangu" (Luka 23:46). Lakini Mwana wa Mungu hakuachana na roho ile, wala hakuachana na mwili uliokuwa kaburini. Vyote viwili vilibaki vyake. Na dunia? Ilikuwa mikononi mwa Yule Yule aliyeishika siku zote: Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Waebrania 1:3 inasema Mwana anavichukua vyote kwa amri ya uweza wake, na hakuwahi kupumzika kazi hiyo, si tumboni mwa Mariamu, si msalabani, si kaburini. Atanasi alishalisema: Neno hakufungiwa ndani ya mwili, alipokuwa katika mwili aliendelea kuvipa uhai vitu vyote.

Tahadhari mbili hapo msalabani. Usiseme Baba alikufa au Baba aliteseka msalabani. Nafsi ya Baba si Nafsi ya Mwana. Na usiseme Umungu ulimwacha Yesu kabla hajafa, ukitegemea "Mungu wangu, mbona umeniacha?" Kilio hicho ni cha Mwana mwenye ubinadamu wetu, akiomba Zaburi ya 22 kwa uchungu wa kweli. Umungu ungekuwa umemwacha, damu ile isingekuwa damu ya Mungu, na Matendo 20:28 ingekuwa uongo.

Vipindi vyako viwili tungevipanga hivi. Kipindi cha kwanza, dakika 10 za mwanzo soma Yohana 1:1-14 na uwaonyeshe kwamba Neno wa mstari wa 1 ndiye Neno wa mstari wa 14. Dakika 20 Marko 4. Kisha dakika 25 fanyeni jedwali la safu tatu ubaoni: alifanya nini, ni nani, kwa asili ipi. Safu ya katikati usiwaachie wajaze wao. Kabla hawajaingia, andika jina moja kwa herufi kubwa kutoka juu hadi chini: YESU KRISTO, MWANA WA MUNGU. Ukiiacha wazi, baada ya mistari michache utakuta mtu ameandika "Yesu mtu" na mwingine "Yesu Mungu", na utatumia kipindi chote kufuta.

Aya nane zinatosha: Yohana 4:6, alichoka, Marko 4:38, alilala, Marko 4:39, aliikemea bahari, Marko 2:5, alisamehe dhambi, Luka 2:52, alikua katika hekima, Yohana 11:35, alilia, Yohana 8:58, kabla ya Ibrahimu yuko, na Marko 1:41. Hiyo ya mwisho usiiache kwa namna yoyote. Yesu ananyosha mkono, anamgusa mwenye ukoma, na ukoma unaondoka. Mkono ni wa ubinadamu, uweza ni wa Umungu, tendo ni moja. Wanafunzi wakiandika asili moja tu, warudishe kwenye aya. Pasipo mfano huo wataigawa Injili mafungu mawili, miujiza huku na udhaifu kule, kana kwamba asili zinapokezana zamu. Papa Leo anasema kila asili hutenda yaliyo yake kwa ushirika na nyingine, na mwenye ukoma aliuona ushirika huo kwenye ngozi yake. Dakika 5 za mwisho wakariri zile "bila" nne.

Kipindi cha pili, robo saa Gethsemane, nusu saa msalaba kwa zile aya mbili. Robo iliyobaki itumie kwa jambo ambalo hukuliuliza: Yesu bado ni mwanadamu. Vijana wengi hudhani alivua ubinadamu alipopaa. Luka 24:39-43, baada ya kufufuka, anawaambia wamshike waone kwamba ana mwili na mifupa, kisha anakula kipande cha samaki wa kuokwa mbele yao. Matendo 1:11, atarudi jinsi iyo hiyo walivyomwona akienda. Na Paulo, miaka kadhaa baada ya kupaa, anaandika kwamba mpatanishi ni mmoja, "Mwanadamu Kristo Yesu" (1 Timotheo 2:5). Mwenye kutuombea leo ana moyo wa mwanadamu anayejua njaa na majaribu, pasipo dhambi (Waebrania 4:15). Kwa kijana wa miaka 14 mwenye mambo asiyoweza kumwambia mtu, hii ni habari njema kweli kweli.

Kuna neno la pembeni, kwa sababu mtu anaweza kuligusa. Wakopti wa Misri na Waethiopia wa Kanisa la Tewahedo hawakuikubali Kalkedonia, na katika vitabu vya zamani utakuta wamewekwa kundi moja na Eutike. Si haki. Wao wanamkataa Eutike na wanafuata maneno ya Sirili juu ya asili moja ya Neno aliyefanyika mwili, wakikiri kwamba yu Mungu kamili na mwanadamu kamili. Papa Paulo VI na Papa Shenouda III wa Wakopti walitia saini tamko la pamoja juu ya hilo mwezi Mei 1973. Usiwafundishe wanafunzi kuwaita wazushi.

Mfano wa chai uache kabisa, na usitafute mwingine wa kuziba pengo lake. Barafu na mvuke vinaleta kubadilika, jambo ambalo Kalkedonia imelikataa. Mtu ndani ya nguo ni Apolinari amerudi. Muungano huu umetokea mara moja tu, hauna wa kufanana nao. Ukihitaji maneno mafupi, unayo tayari katika Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, kwenye maelezo ya sehemu ya pili: Yesu Kristo, Mungu kweli aliyezaliwa na Baba tangu milele, na pia mwanadamu kweli aliyezaliwa na bikira Maria, ni Bwana wangu. Mungu kweli, mwanadamu kweli, kisha Bwana mmoja. Waikariri neno kwa neno kutoka kitabu mnachotumia, na jedwali lenu mhifadhi ili mchungaji alipitie siku atakayofika.

Kwenye mtihani weka swali moja la alama 4: Ni nani aliyekufa msalabani, na alikufa kwa asili ipi? Alama 2 kwa "Mwana wa Mungu" au "Yesu Kristo, Mungu kweli na mwanadamu kweli", na 2 kwa "kwa asili ya ubinadamu". Anayeandika "Umungu ulikufa" apate zile mbili za kwanza kama amemtaja Mwana, lakini za pili hapati. Anayeandika "ule upande wa kibinadamu ndio uliokufa" hajajibu swali la nani. Mrudishie karatasi, akae nawe dakika chache na Marko 4:41, aandike upya.